Picha Thelathini na Sita za Festo

Maiti ya Festo Mlowe ilikutwa Jumatatu asubuhi kwenye shamba la parachichi, njia ya kwenda Kichiwa, kisogo kimepasuka. Inspekta Scolastika Mwalongo wa Njombe alichuchumaa akaitazama shingo. Ilikuwa na mchubuko mwembamba, wa kitu kilichovutwa kwa nguvu.

"Alivaa nini shingoni?"

"Kamera ya kizamani," alijibu Koplo Remmy. "Kijiji kizima kilikuwa kinamcheka nayo."

Kamera haikuwepo. Mfukoni kulikuwa na kikopo kitupu cha filamu.

Mama wa marehemu, mjane Priska, aliwapokea sebuleni. Redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na rimoti ilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

"Kamwene, mama," Inspekta alimsalimu kwa Kibena. "Pole sana. Kamera ya nini zama hizi za simu?"

"Shemeji yangu Nahumu anasogeza mpaka, mwanangu. Anang'oa mawe aliyoyaweka marehemu mume wangu. Festo alimpiga picha kwa simu, akapeleka baraza la ardhi. Wakasema picha za simu zinatengenezwa. Akaapa kutafuta kamera ya mkanda wa filamu, kwamba mkanda haudanganyi."

"Una shamba jingine?"

"Sina."

Kesho yake walikuwa Makambako, kwenye kibanda cha Benno, muuza redio na kamera za mtumba karibu na stesheni ya reli, aliyemuuzia Festo ile kamera.

"Uligombana na Festo," alisema Inspekta.

"Alinigombeza yeye, afande. Alikuwa mgeni wa vitu hivi. Alipenda ganda linavyong'aa, lenzi hakuimulika. Lenzi ya mtumba unaimulika kwa tochi kwanza. Ile ilikuwa na kuvu ndani, picha zote zikatoka ukungu mtupu."

"Ulijua?"

Benno alitazama meza. "Nilijua. Biashara, afande. Aliporudi nilimpa nyingine, safi. Nikamwambia ukungu wa kwenu unakula vioo, aifunike."

Kisha akatoa furushi chini ya meza. Ilikuwa kamera ya Festo, mkanda wake wa shingoni umekatika.

"Jana imeletwa na mzee mmoja. Alitaka nimfungulie atoe filamu, yeye imemshinda. Nilikuwa na wateja, nikamwambia arudi leo saa nane."

Saa nane haijafika, Nahumu Mlowe alikuja, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Remmy alimtia pingu mlangoni.

Benno aliisafisha filamu katika chumba chake cha giza. Alipoitoa nje, ilikuwa nyeupe mwanzo hadi mwisho.

"Umeiunguza kwa mwanga?" aliuliza Scolastika.

"Ikiungua inakuwa nyeusi. Hii haijaona kitu." Alimwonyesha kamera. Kifuniko cheusi kilikuwa bado kwenye lenzi. "Aina hii hutazami kupitia lenzi, afande. Unatazama kidirisha hiki cha pembeni. Dunia yote unaiona, hata lenzi ikiwa imefunikwa. Nilimwambia kufunika. Kufunua sikumwambia."

Scolastika aliitia filamu ile kwenye bahasha, wakarudi Njombe na Nahumu. Kituoni alimpa mtuhumiwa onyo la kisheria, akaiweka bahasha mezani.

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Ibada iliisha saa sita."

Nahumu aliiangalia bahasha. "Si mnazo picha? Unaniuliza nini tena?"

Inspekta hakusema zipo wala hazipo. "Eleza mwenyewe."

"Nilikuwa nang'oa jiwe la tatu. Nikasikia kamera, ka, ka. Kugeuka, ni yeye. Nikamwomba anipe mkanda. Akasema, baba mdogo, tutaonana barazani. Nilikuwa na mtaimbo mkononi."

"Ulimuua kwa ajili ya mawe?"

"Kwa ajili ya parachichi. Wanangu wamekwisha kuchimba mashimo ya miche. Priska ni mtu wa kuja. Ardhi ya baba yangu ilale kwake?"

Remmy aliandika yote. Wakati wa kusaini, Nahumu aliomba aione picha. Scolastika alimpa filamu. Mzee aliiinua dirishani, akaipitisha vidoleni polepole.

"Hamna kitu."

"Hamna."

Akairudisha mezani. "Kuua nimeua, Mungu ameona, nitasaini. Lakini futa habari ya mawe. Andika tuligombana. Mimi nimekwisha, wajukuu bado."

"Mawe ndiyo yaliyokufanya uue."

"Basi sisaini."

Shahidi wa tukio hakuwepo, mtaimbo ulikutwa umeoshwa, na kamera peke yake isingetosha. Scolastika aliwaza kwamba bila saini muuaji angerudi nyumbani kulima. Akachukua kalamu, akafuta yale mawe kwa mkono wake, na Nahumu akasaini.

Alhamisi alikwenda kwa Priska. Alimweleza kwamba Nahumu amekiri kuua.

"Na mpaka?"

"Hakuukiri, mama."

"Lakini zipo picha. Festo aliniambia mkanda ule unatoa thelathini na sita."

"Hazikutoka."

Nje, wana wa Nahumu walikuwa wakipanda miche, upande huu wa mawe yaliyong'olewa. Priska aliwatazama kupitia dirisha.

"Hazikutoka kwa nini, mwanangu? Alikuwa anaitunza. Kila akitoka nilikuwa namwambia, funika kile kioo kisiingie ukungu. Na alikuwa ananisikia."

Scolastika aliitazama redio chini ya kitambaa chake.

"Kamera ilikuwa mbovu tu, mama," alisema.