Picha za Mguu wa Mabula

Mabula na mke wake Monika waliishi Kakese. Walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakapata shamba la mahindi na mpunga. Kila asubuhi Monika alikamua maziwa. Mabula alifunga maksai, akaenda shamba.

Siku moja ya Februari 1999, maksai mmoja alishtuka. Mkokoteni ulipinduka, ukamwangukia Mabula pajani. Majirani walimbeba kwa kitanda mpaka kituo cha afya mjini Mpanda.

Daktari Sylvanus alimpiga eksirei. Alizitazama picha zote nne kwa muda mrefu.

"Mfupa umevunjika vipande vitatu," alimwambia Monika. "Sijawahi kutibu mguu kama huu. Nikikosea, ataupoteza. Nataka bingwa wa mifupa wa Mwanza aone picha kwanza."

"Basi tumpeleke Mwanza, daktari."

"Mvua zimekata reli, mama. Na kwa barabara hii, atatikiswa sana."

Kituo kilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na simu. Karani Venant alizishika eksirei dirishani, akazipiga picha kwa kamera ya kidijitali ya kituo, akaziingiza kwenye kompyuta. Kisha akazifunga zote nne ndani ya barua pepe, akatuma. Baada ya nusu saa simu ilikatika. Akaanza upya. Ikakatika tena. Siku ya pili barua ilitoka, lakini ikarudishwa. Sanduku la barua la bingwa halikuweza kupokea mzigo mkubwa hivyo.

Monika alikaa kwenye benchi. Alimsikia mumewe akiguna kwa maumivu chumba cha pili.

Siku ya tatu Daktari alimwita Amira, binti wa mwenye duka wa mtaa wa Majengo. Amira alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam.

"Kaka Venant, picha hizi ni nzito," Amira alisema. "Tusiibebeshe barua. Tuziweke kwenye stoo ya mtandao."

"Stoo hiyo iko wapi, mwanangu?" Monika aliuliza.

"Ni kompyuta kubwa iko Dar, mama. Haizimwi. Picha tunaziacha humo. Bingwa tunamwandikia barua fupi ya kumwambia ziko wapi, naye anazichukua mwenyewe. Neno la siri nitamtajia kwa simu, ili mtu mwingine asizifungue."

"Na simu ikikatika?" Venant aliuliza.

"Tunaendelea pale tulipoishia. Haturudi mwanzo."

Simu ilikatika mara mbili. Kila mara Amira aliunganisha tena, na namba kwenye kioo ziliendelea kupanda kutoka pale zilipokuwa zimesimama. Monika alizitazama bila kupepesa. Saa nane mchana Amira alisema, "Zimefika zote." Akamwandikia bingwa barua fupi, akampigia simu kumtajia neno la siri.

Saa kumi jibu la bingwa liliingia. Daktari alilisoma kwa sauti: "Nimeziona picha vizuri. Msimpasue. Mguu uvutwe kwa uzito kitandani. Maelezo yako hapa chini."

Monika alikaa sakafuni. "Huyo mtu yuko Mwanza," alisema taratibu. "Ameona ndani ya mguu wa mume wangu, na mume wangu yuko hapo nyuma ya ukuta."

Venant alikuwa bado anakitazama kioo.

Mabula alilala kitandani wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa mfuko wa mchanga. Mwezi wa sita alitembea kwa fimbo. Tangu hapo Venant hakufunga tena picha nzito ndani ya barua. Aliziweka stoo, akatuma anwani.

Siku ya kuruhusiwa, Mabula aliomba kuoneshwa picha zake. Amira alizifungua. Mabula alivua kofia, akautazama mfupa wake mweupe.

"Sasa nazifuta kule stoo," Amira alisema. "Matibabu yamekwisha, bingwa hazihitaji tena. Picha za mgonjwa haziachwi huko."

"Zifute, mwanangu," Mabula alisema. "Huu mguu umeshafika Dar na Mwanza. Mimi mwenyewe bado."