Hatua Mia Mbili za Mwisho

Kila akitoka shuleni, Kwanini alipitia ofisini kwa mama yake, akavua viatu mlangoni na kuanza maswali. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya maswali hayohayo. Mama yake alikuwa bibi misitu, na wiki hiyo alikuwa akimalizia njia mpya ya matembezi katika msitu ulio nyuma ya ofisi. Ilikuwa njia fupi na nyepesi, ya watu wa rika zote.

"Leo nina kazi yako," mama alisema, akimpa daftari. "Njia ina hatua mia nane. Kila hatua mia, andika ulichokiona: tambarare au mteremko, mizizi, mahali pa kukaa. Mimi niliipita kabla ya mvua kubwa, kwa hiyo nataka ikaguliwe upya. Nitaandika kibao kwa kufuata maelezo yako."

Kwanini alihesabu vizuri mpaka mia sita. Hapo akasikia ko-ko-ko juu ya mti. Kigogota alikuwa akitoboa shina kwa mdomo, vumbi la mti likimwagika chini. Kichwa hakimuumi? Anatafuta nini humo ndani? Ndege akaruka, naye akamfuata, mti hadi mti. Alipokumbuka daftari, tumbo lilikuwa linanguruma. Akaketi kwenye gogo, akaandika: "Mia saba, tambarare. Mia nane, tambarare. Hakuna mizizi." Kisha akarudi nyumbani kula.

Jumamosi kibao kilikuwa tayari, na mama alikipitisha nyumbani kabla ya kwenda kukisimika. Bibi yake Kwanini, ambaye kwa sababu ya goti lake hakuwa amevuka geti la nyumba kwa mwaka mzima, alikisoma polepole.

"Rika zote," alisema. "Basi na langu limo."

Walikisimika mwanzoni mwa njia, kisha wakatembea watatu, Bibi na mkongojo wake mbele, akigusa magome na kuuliza majina ya miti. Baada ya hatua mia sita na kitu, njia ilikatika ghafla. Maji ya mvua yalikuwa yamechimba korongo lililojaa mizizi na mawe. Mkongojo uliteleza, Bibi akaanguka na kukaa kitako.

Mama alimshika mabega. "Ajabu. Juzi tu Kwanini aliandika kuwa hapa ni tambarare. Labda ni mvua ya jana."

Kwanini alitazama mizizi iliyochomoza korongoni. Angenyamaza, lawama zote zingebebwa na mvua.

Bibi alisugua goti, akatabasamu kidogo. "Si mvua. Ni mimi nimezeeka kuliko nilivyodhani. Msitu na mimi ndiyo basi tena."

Maneno hayo Kwanini hakuweza kuyavumilia. "Si uzee, Bibi. Mimi sikufika hapa. Nilimfuata ndege, halafu nikatunga."

Mama hakugomba. Walimsaidia Bibi kurudi taratibu, kisha mama akang'oa kibao na kukiweka stoo.

Kesho yake Kwanini alikwenda na mama korongoni. Alijaribu kulizunguka kwa njia tatu, akihesabu kila moja. Ya kwanza ilikuwa na miiba, ya pili ilipanda mno. Ya tatu ilikuwa ndefu zaidi kwa hatua sitini, lakini ilikuwa tambarare kweli, na aliipita mara mbili kabla ya kuandika. Mafundi waliifyeka na kuweka benchi.

Baada ya wiki mbili, goti lilipotulia, Bibi aliimaliza njia yote. Alipofika mwisho alikaa akihema, uso umemng'aa.

Mama alimgeukia Kwanini. "Kumfuata ndege hakukuwa kosa. Ungeacha ukurasa mtupu, ningejua hapo hapajakaguliwa, nami ningekwenda mwenyewe. Ulipoandika usichokiona, ulituziba macho sote. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Yeye anaweka mguu wake pale ulipomwambia ni salama."

"Na miguu mingine," Bibi alisema, akinyoosha goti lake, "haina ya akiba."

Kwanini alicheka, kisha akamshika mkono kumsaidia kuinuka.