Miche 2,520 ya Theta

Mwaka wa 1956, mvua ndefu ikikaribia, sisi wa kikundi cha kahawa cha Theta tulikuwa kitaluni kila asubuhi na ndoo zetu. Mimi Nyawira nilikuwa sichelewi, lakini sikuwahi kumtangulia Wamboi, yule mjane jirani yangu. Hakuna aliyeinywesha miche ile kumshinda yeye.

Vitalu vilikuwa viwili. Kila kitalu kilikuwa na mistari thelathini, na kila mstari miche arobaini na miwili. Yote pamoja ni 2,520. Tulikuwa familia nane, kila moja ipate miche 315. Basi kila familia ikachimba mashimo 315. Wamboi alichimba yake peke yake mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Halafu Macharia, mwenzetu mmoja, akapata kazi Thika, akajitoa. Tukabaki saba.

Ephantus, mwenyekiti wetu, akakohoa. "Nane iligawa sawasawa. Saba haiwezi. Tena saba ni nambari mbaya, wazee walituonya. Wamboi, wewe uko peke yako. Ngojea msimu mwingine, tugawane sisi sita."

Wamboi akaweka ndoo chini. "Na mashimo yangu niyafukie?"

Mimi jirani yake niliinama kuokota ndoo yangu, na mpaka leo naona haya.

Kumbe Kalondu, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, alikuwa amekuja kuazima ndoo. Mama huyo wa Ngoliba hakosi neno.

"Mzee Ephantus, umejaribu kugawa, ama umeogopa tu?" Akaokota kijiti, akaandika chini. "Saba mara mia tatu ni 2,100. Inabaki 420. Saba mara sitini ni 420. Sasa imebaki ngapi?"

"Hakuna," Wamboi akasema polepole. "Kila mtu 360!"

"Jaribu tisa," akasema Ephantus, hataki kushindwa.

"Jumlisha tarakimu zake: mbili, tano, mbili, sufuri. Ni tisa. Kwa hivyo tisa inaigawa. Kila mtu 280."

"Kumi je?"

"Inaishia na sufuri. Kila mtu 252."

Tukaanza kushindana: nne, tano, sita. Zote zilikubali. Ngai! Nambari gani hii?

"Kuanzia moja hadi kumi, zote zinaigawa bila baki," Kalondu alisema, macho yaking'aa. "Na hakuna nambari ndogo kuliko hii inayoweza hivyo. Mliipanda bila kujua."

"Lakini saba..." Ephantus akaanza.

"Mungu alipumzika siku ya ngapi, Mzee?"

Tulicheka sote, na yeye pia akacheka.

Kesho yake Wamboi alipata miche yake 360. Sasa alihitaji mashimo mengine arobaini na tano, na mawingu yalikuwa yameshuka. Nilipokwenda kumsaidia, nilimkuta Ephantus shambani kwa Wamboi, koti limetundikwa kwenye ua, anachimba.

"Shimo la ngapi hilo, Mzee?" nikamchokoza.

"La saba," akasema bila kuinua kichwa. "Shika jembe."

Mvua ilipoanza jioni, kila shimo la Wamboi lilikuwa na mche wake.