Vibuyu Viwili vya Maziwa

Kibuyu kimoja kilinuka moshi. Niligundua hilo asubuhi, Sellah alipokuwa akimimina maziwa ya mbuzi mbele ya darasa letu la saba hapa Kakuma. Vibuyu vyote viwili vilitoka kwetu. Nyanya yangu alikuwa ametia makaa ndani ya kimoja na kukitikisa, kama tufanyavyo sisi Waturkana ili maziwa yakae bila kuharibika. Kingine kilioshwa kwa maji tu.

Sellah hakujua. Baba yake ni afisa aliyehamishiwa kwetu kutoka Busia, na kwao maziwa hukaa kwenye sufuria. Katika kibuyu cha moshi alitia maji ya majani yaliyopondwa ya mti wa mswaki, apime kama yanazuia maziwa kuharibika. Katika kingine alitia maji matupu. Nikanyamaza.

Kesho yake maziwa yenye majani yalikuwa bado mazuri. Yale mengine yalikuwa yameganda.

"Makofi kwa Sellah!" alisema Mwalimu Wainaina. "Ijumaa atatuwakilisha kwenye maonyesho ya sayansi Lodwar."

Roho iliniuma. Majani yale alionyeshwa na nyanya yangu, nami ndiye niliyeyachuma, lakini hakuna aliyetaja jina langu. Nikajiambia: aende tu. Waamuzi watanusa kibuyu, watamcheka.

"Nakiru, mbona umenuna kama ngamia aliyefukuzwa kisimani?" alinitania Epuyo, jirani yangu wa dawati.

"Niache!"

Wakati wa mapumziko Sellah alinikimbilia. "Asante kwa vibuyu! Mama amefurahi sana. Kesho anakwenda Lodwar kutwa nzima. Atamwachia mtoto maziwa yenye majani, hata yakikaa hayataharibika."

Mtoto wao ana miezi minane.

"Asimpe," nilisema. "Si majani, Sellah. Ni moshi."

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu. Nilieleza huku nikitazama miguu yangu. Hakunigombeza. Alituambia turudie jaribio kwa vibuyu viwili visivyotiwa makaa. Tulipovifungua asubuhi, maziwa yalikuwa yameganda kote, yenye majani na yasiyo na majani.

"Basi sitaenda Lodwar," Sellah alisema, machozi yakimlenga.

"Mtaenda nyote wawili," alijibu mwalimu. "Mtaeleza kosa na jinsi mlivyoligundua. Tunapima majani ili tujue ukweli, hatupimi ili tusifiwe. Na wewe Nakiru, ukificha kosa ili mwenzako aaibike, hujui litamfikia nani. Lingeweza kumfikia mtoto ambaye hajakukosea kitu."

Tulipotoka nje, Sellah alinishika mkono. "Lakini mbona hukuniambia mapema? Ulikuwa unaona haya?"

Kila mtu anajua mimi ni mtu wa haya. Ningejibu ndiyo, angeniamini.

"Hapana," nilisema. "Nilikuonea wivu. Nilitaka wakucheke."