Mke Asiyetaja Jua

Kila alfajiri Kajri alimsaidia mama yake, Sugani, kukanda unga wa chapati. Siku hiyo Sugani alitazama nje akamhimiza aharakishe, taa ya mchana imeshatoka. Alimaanisha jua. Mumewe aliitwa Dinkar, maana yake jua, na pale kijijini mke hamtaji mumewe kwa jina; ati kumtaja ni kumpunguzia maisha. Bibi, mama yake Dinkar, ndiye aliyemfundisha hivyo alipoolewa. Basi Sugani hakulitaja jua wala mwenye jina. Watoto wa jirani walizoea kumchokoza, "Shangazi, kule juu kunawaka nini?" Naye hucheka tu na kuvuta ushungi.

Mchana Dinkar alianguka shambani, homa imemzidi hata kusema hawezi. Mke, mama na binti wakamkimbiza hospitali ya wilaya. Kajri na Bibi walipokwenda kuteka maji, muuguzi alimwuliza Sugani jina la mgonjwa.

"Baba yake Kajri," alijibu.

Muuguzi alikuwa na wagonjwa tele. Akauliza kama ndiye Maheshwar, mgonjwa mwingine aliyeandikiwa sindano. Sugani aliinamisha kichwa kwa haya, na muuguzi akadhani amekubali.

Kajri alirudi na Bibi, akamkuta muuguzi kando ya kitanda, sindano mkononi.

"Maheshwar, sindano yako ya sukari hii hapa."

Kajri alifungua kinywa, lakini mama yake alimtangulia. Sugani aliudaka mkono wa muuguzi, ushungi ukamwanguka mbele ya mkwewe.

"Huyu si Maheshwar, dada. Huyu ni Dinkar. Dinkar Mahto, mume wangu, na hana sukari."

Muuguzi alirudi nyuma. Aliomba radhi, akakiri kwamba sindano ile ingeweza kumuua. Damu ya Dinkar ilipimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa yake. Jioni aliomba maji.

Sugani hakuthubutu kumtazama mkwewe. Aliogopa sana. Bibi akamshika mkono.

"Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Niliogopa jina litamuua, kumbe kunyamaza ndiko kungemuua. Nawe Kajri, sikia. Mheshimu utakayeolewa naye, naye akuheshimu. Lakini penye uhai wa mtu usione haya, sema, tena sema wazi."

Kisha akasema polepole, "Babu yako aliitwa Jagdeo."

Kajri hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa bibi yake.

"Jagdeo," Bibi alirudia, na machozi yakamtoka.