Chinmayi Aliona Kosa

Kila Jumamosi asubuhi Chinmayi alimaliza idli zake, mikate midogo ya mchele, haraka haraka, akavaa sweta, akapanda baiskeli kwenda kwenye ushirika wa maziwa, pembezoni mwa mji wa Mysuru, kusini mwa India. Majirani walimcheka kwa sweta lile katika jua kali la Aprili. Hawakujua baridi ya chumba cha kompyuta kuu, mashine kubwa kama kabati la nguo, iliyotunza habari za wafugaji wote wa wilaya.

Huko mhandisi Vasudha, ambaye watoto walimwita dada, aliwafundisha wanafunzi wa klabu ya kompyuta kazi yake mwenyewe. Zipo programu huria, ambazo walioziandika wamezitoa bure ili yeyote azichukue, azirekebishe na kuwarudishia wenzake alichorekebisha. Nyingi huandikwa kwa kompyuta ndogo. Ukiipeleka moja kwenye kompyuta kuu hugoma, kwa sababu mfumo endeshi wa huko una desturi zake. Klabu ilikuwa inaizoesha programu moja desturi hizo. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kupanga majina kwa herufi ya kwanza, kila herufi na siku yake, na kumtumia kila mtu ujumbe wa simu. Ikifaulu jaribio, ushirika ungeitumia kuwaita wafugaji kwenye chanjo ya ng'ombe. Ikishindwa, klabu ingefukuzwa, maana mwenyekiti wa ushirika hakutaka watoto karibu na mashine yake tangu mwanzo.

Chinmayi ndiye aliyekuwa kinara wa klabu, mpaka alipohamia Prerana kutoka mji wa Hubballi. Prerana alielewa upesi, akauliza maswali mazuri, na kibaya zaidi, hakuringa. Angeringa, Chinmayi angepata la kumsema. Dada Vasudha alipompa Prerana sehemu ngumu ya kupanga herufi, roho ya Chinmayi ilimuuma. Hata nyumbani mama yake aliuliza habari za yule mtoto hodari wa Hubballi. Chinmayi alijifanya hasikii, akaendelea kula wali wake wa mtindi.

Klabu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Aliyeandika sehemu yake hakuiingiza mwenyewe kwenye kompyuta kuu. Mwenzake aliisoma kwanza, kisha akaandika jina lake chini yake kuonyesha kwamba ameridhika. Sehemu ya Prerana alipewa Chinmayi aisome.

Aliliona kosa mara moja. Kwenye kompyuta ndogo kila herufi ina namba yake, na namba hizo hufuatana bila kuruka kuanzia A hadi Z. Kwenye kompyuta kuu zinaruka: baada ya I kuna pengo, na baada ya R kuna pengo jingine. Prerana alikuwa amehesabu kama vile hakuna pengo lolote. Chinmayi alimtazama, naye alikuwa akicheka na wenzake pale dirishani. Mwache aumbuke, alijiambia. Akaandika jina lake.

Siku ya jaribio wafugaji wachache walialikwa, akiwemo Siddamma, bibi yake Chinmayi, ambaye msimu uliopita ndama wake alikufa kwa ugonjwa wa midomo na kwato. Prerana alibonyeza kitufe. Simu za kina Basamma na kina Gowramma zikalia, wakaambiwa siku yao. Kempamma aliitwa siku ya watu wengine. Wenye majina ya kuanzia S na kuendelea hawakuitwa kabisa.

"Mimi mbona siitwi?" aliuliza Siddamma, simu kaishika kwa mikono miwili. "Kwani wangu si ng'ombe?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Mwenyekiti alisema alijua tangu zamani kwamba haya ni michezo ya watoto, na kwamba jioni wakusanye vitu vyao. Prerana akainama, machozi yakimlengalenga. Hiyo ndiyo picha aliyoitamani Chinmayi wiki nzima, na sasa hakuweza kuitazama.

Dada Vasudha alisoma kwenye kioo cha kompyuta, akaliona pengo. "Kosa hili hulifanya kila anayetoka kwenye kompyuta ndogo," alisema. "Mimi nimelifanya. Ndiyo maana tunaweka msomaji. Nani alisoma?"

"Chinmayi alikuwa na mafua siku ile, dada," Prerana alisema upesi. "Si kosa lake."

Kwa neno hilo moja Chinmayi angeweza kuokoka.

"Sikuwa na mafua ya kunizuia kuona," alisema. "Niliona, nikanyamaza. Nilitaka wamcheke."

Bibi yake alimwangalia kwa muda, kisha akageuka pembeni. Dada Vasudha alimwomba mwenyekiti asubiri hadi hiyo jioni, naye akakubali kwa shingo upande. Chinmayi alimsogelea Prerana kumwomba radhi.

"Usinisemeshe mpaka tumalize," alisema Prerana. "Nisomee herufi moja moja, na safari hii soma kweli."

Walifanya kazi bega kwa bega, bila mzaha. Kabla jua halijatua, simu ya Siddamma ililia. Mwenyekiti aliguna, akasema basi, waendelee.

Walipokuwa wakifunga mlango, dada Vasudha alimshika Chinmayi bega. "Ulificha kosa ili limpate Prerana," alisema, "likampata bibi yako. Kazi yetu hutumiwa na watu tusiowajua, na wote wanaamini kwamba aliyesoma alisoma kwa moyo safi. Ukiona kosa, sema, hata kama mwenye kosa humpendi."

Chinmayi aligeuza ufunguo mlangoni. "Lakini bado namwonea wivu, dada."

"Najua," alisema dada Vasudha. "Mwonee. Jumamosi ijayo ana sehemu nyingine, na msomaji wake ni wewe."