Wavu wa Omena Darini

Kila alfajiri mama yake Dorca aliwasha tanuri la kuni na kuoka mikate ya kuwauzia wanafunzi wa chuo pale Maseno. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya vigae vyekundu. Dohani ilipanda kutoka jikoni ikapenya dari na paa. Msimu wa mvua ulipoanza, maji yalipita kwenye nyufa zilizoizunguka na kudondokea unga.

"Dorca, leo ukitoka shule pitia kwa Fundi Wechuli. Mwambie aje azibe."

"Sawa, Mama."

Lakini Dorca alipitia uwanjani. Kulikuwa na mechi ya netiboli, naye akicheza husahau hata jina lake. Alipofika nyumbani, Mama alikuwa bado sokoni. Dorca akachukua wavu mkuukuu ambao nyanya yake wa Asembo Bay alikuwa akianikia omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, akapanda darini, akausokomeza kwenye nyufa mpaka mwanga wa nje usionekane.

"Fundi alikuja?" Mama aliuliza jioni.

"Alikuja. Amemaliza."

Mama akashukuru. Dorca hakuweza kumtazama usoni. Bahati mbaya mvua haikunyesha usiku ule, la sivyo uongo wake ungejulikana mapema.

Jumamosi asubuhi Mama alichochea moto mkali kuliko siku zote, kwa kuwa alikuwa na oda ya harusi. Dorca alikuwa akikanda unga aliposikia harufu. Ilikuwa ya omena walioungua, na tanurini hamkuwa na samaki.

Akatazama juu. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye mbao za dari na kuelekea chumba alimolala mdogo wake Sam, mtoto wa miezi saba. Angesema, Mama angejua kwamba amedanganywa. Akabaki ameushika unga mikononi.

"Uwi! Sam!" Mama alipiga yowe. Alikimbilia chumbani, akatoka na mtoto kifuani. "Ni nyaya za stima! Toka nje, Dorca!"

Fundi Wechuli, aliyeishi jirani, alikuja mbio na ngazi. "Mama Dorca, moto uko wapi? Nifungue paa upande gani?"

"Si ni wewe ulikuwa huko juu jana?"

"Mimi? Sijafika hapa tangu Krismasi!"

Wote wawili wakamgeukia Dorca.

"Ni wavu!" alilia. "Niliziba na wavu wa omena, nyuma ya dohani. Fundi hakuja, Mama. Nilidanganya!"

Wechuli hakungoja. Alipanda, akabandua vigae nyuma ya dohani, akauvuta wavu uliokuwa ukiwaka na kuutupa chini. Kisha akamwagia maji boriti iliyokwisha kushika moto. Boriti hiyo ilienda moja kwa moja hadi juu ya kitanda cha Sam.

Mchana fundi aliziba nyufa kwa bati lililokunjwa kuzunguka dohani, akamalizia kwa saruji.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia Dorca. "Lakini hawakusema uzibe na wavu wa omena. Dohani hupata moto."

Mama hakucheka. Alimketisha Dorca kando yake.

"Nyathina, mwanangu, kila mtu husahau. Ungeniambia umesahau, ningekugombeza kidogo, yaishe. Lakini uliniambia fundi amemaliza. Nilimlaza Sam chini ya dari ile kwa sababu niliamini neno lako."

Dorca alimpokea mdogo wake, akamkumbatia. Nywele za mtoto zilikuwa bado zinanuka moshi.